Je, Wajua? Mkono Mrefu Unaoanzia Arusha

Sogea kidogo kwenye benchi, msomaji, leo kuna mambo. Ukisikia "Azimio la Arusha" unawaza nini? Bila shaka Februari 1967, Mwalimu, Ujamaa na Kujitegemea. Sasa shika hili: lipo Azimio la Arusha jingine, na hilo ni la maofisa wa forodha wa dunia nzima!

Lilipitishwa hapa hapa, chini ya Mlima Meru, Julai 7, 1993. Baraza la forodha la dunia lilikutana mjini kwetu, likakubaliana namna ya kuikata rushwa mipakani na bandarini. Lilifanyiwa marekebisho Juni 2003, na mpaka leo maofisa wa Asia, Ulaya na Amerika ya Kusini wakizungumzia uadilifu kazini hulitaja kwa jina la Arusha.

Umeiona tarehe? Saba Saba! Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao ulitiwa saini Arusha, Novemba 30, 1999, ukaanza kutumika Julai 7, 2000. Saba Saba nyingine, miaka saba kamili baadaye.

Azimio hilo la forodha lina mambo 10, na baadhi yake hukuyategemea. Ari ya wafanyakazi imo. Kompyuta nazo zimo, na sababu iko wazi: karatasi ikipita kwenye mtandao, hakuna dirisha la kupitishia kitu kidogo.

Unajua kwa nini wahalifu wanawapenda sana watu wa forodha? Kwa sababu hawahitaji kuihonga nchi nzima. Ofisa mmoja, zamu moja, lori moja, basi! Mzigo umeshavuka.

Makao makuu ya Shirika la Forodha Duniani, lile lile baraza lililokutana Arusha, yako Brussels, Ubelgiji, na wanachama wake ni zaidi ya 180. Wana hata siku yao, Januari 26 ya kila mwaka. Kama una jirani anayefanya kazi forodha, mpongeze siku hiyo uone atakavyoshangaa.

Hili nalo: bidhaa inayovuka mpaka ina namba yake, ya tarakimu sita, ile ile duniani kote tangu 1988. Kahawa mbichi inayotoka mashamba ya Meru ni 0901.11. Meno ya tembo ni 0507.10. Twiga akiwa hai anaingia 0106.19, na usicheke, twiga tutamfikia.

Afrika Mashariki si wageni wa mambo haya. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado inapiganwa! Tanganyika ikajiunga 1927.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na Namanga ikanyamaza hadi 1983. Lakini sikiliza: mwaka huo huo, Juni 9, 1977, ulipitishwa Nairobi mkataba wa dunia wa idara za forodha kusaidiana kuchunguza na kukomesha magendo. Unaitwa Mkataba wa Nairobi hadi leo. Dunia nzima inakubaliana Nairobi kushirikiana mipakani, na mpaka wa jirani pale pale umefungwa!

Na yale majengo ya kituo cha mikutano cha AICC unayopita kila siku? Yalijengwa kuwa makao ya Jumuiya ile iliyokufa. Jumuiya ikaondoka, majengo yakabaki na mabawa yake matatu: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Kaa na hilo kichwani, maana humo ndani patakuja kufanyika jambo zito.

Jumuiya ya sasa ina nchi 8, ya mwisho kuingia ikiwa Somalia mwaka 2024. Umoja wa Forodha ulisainiwa Arusha Machi 2, 2004, ukaanza Januari 1, 2005. Tangu hapo maofisa wa mipakani Holili, Malaba na Rusumo wanafungua kitabu kimoja cha sheria ya forodha.

Haya, twende Namanga. Kutoka Arusha ni kilomita 110 hivi, Longido ukiiacha njiani. Ukifika, shangaa kwanza hili: Namanga ziko mbili, ya Tanzania na ya Kenya, na zote zinaitwa Namanga.

Zamani ulipanga foleni mara mbili. Ulishuka kwenye gari ukagongewa muhuri wa kutoka, ukatembea na begi juani hadi nchi ya pili, ukapanga tena upya. Desemba 1, 2018, Rais Magufuli na Rais Kenyatta wakafungua Kituo cha Huduma kwa Pamoja, na foleni mbili zikawa moja.

Fuata miguu yangu. Unatoka Tanzania, lakini upande wa Tanzania husimami kabisa. Unaingia jengo la upande wa Kenya. Dirisha la kwanza Mtanzania anakugongea muhuri wa kutoka, hatua chache mbele Mkenya anakugongea wa kuingia. Ukirudi, mambo ni kinyume: Mkenya na Mtanzania wote wanakusubiri upande wa Tanzania.

Umelielewa jambo lililofanyika hapo? Ofisa wa Tanzania yuko kwenye ardhi ya Kenya, amevaa sare ya Tanzania, anatekeleza sheria ya Tanzania, na ni halali kabisa! Imo kwenye Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016. Nchi ngapi duniani zinaaminiana kiasi hicho?

Faida yake kwa wapelelezi ni kubwa. Mfanyabiashara mjanja alikuwa anatoa karatasi moja upande huu inayosema mahindi, na nyingine upande ule inayosema saruji. Sasa maofisa wawili wamekaa chumba kimoja. Ni kugeuza shingo tu na kuulizana.

Usidhani Namanga iko peke yake. Holili na Taveta, kule njia ya Moshi, walishatangulia mwaka 2016. Tanzania inapakana na nchi 8, na moja kati ya hizo, Kongo, tunapakana nayo majini tu, katikati ya Ziwa Tanganyika!

Mpaka wetu na Kenya unazidi kilomita 700, na ulianza kuchorwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani waliokaa Ulaya. Ulikata nchi ya Wamaasai katikati, kaka akabaki huku, shemeji kule. Ndiyo maana njia za panya ni nyingi, na ndiyo maana geti peke yake halitoshi.

Basi watu wa forodha wakaja na lakiri ya kielektroniki. Inafungwa kwenye mlango wa kontena, na lori likiacha njia yake au mtu akigusa mlango, taarifa inafika kwenye kituo cha uangalizi papo hapo. Kenya, Uganda na Rwanda zimeunganisha mfumo huo tangu 2017, kwa hiyo lori linalotoka Mombasa kwenda Kigali halipotei machoni hata likivuka nchi tatu.

Tugeukie tembo, msomaji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu jambo lenyewe linauma. Mwaka 2009 Tanzania ilihesabu tembo 109,051. Mwaka 2014 walipohesabiwa tena walibaki 43,330. Rudia namba hizo polepole: miaka mitano!

Taasisi ya utafiti wa wanyamapori inayosimamia hesabu hizo, TAWIRI, makao yake ni Arusha. TANAPA ya hifadhi za taifa nayo ni Arusha. Habari njema ni kwamba tembo wameongezeka tena na kupita 60,000, na hilo halikuja kwa bahati.

Usisahau pia kwamba Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya kimataifa ya meno ya tembo ipigwe marufuku, na Oktoba 1989 dunia ikakubali. Majangili hawakukoma. Waliingia chini kwa chini.

Meno hayo yanakwendaje Asia? Kwa meli, ndani ya makontena, yamefichwa chini ya mwani, maharage, majani ya chai, hata vitunguu saumu. Na dunia inasafirisha makontena mamilioni kwa mamilioni kwa mwaka! Utafungua lipi, uache lipi?

Jibu moja linatoka Usa River, pale pale njia ya Moshi. Mwaka 2014 shirika la uhifadhi la AWF lilianzisha hapo mafunzo ya mbwa wanusaji, na askari wanyamapori wa Kenya na Tanzania wakasoma pamoja. Wengi wao hawakuwahi kumbembeleza mbwa maishani. Walifundishwa kwanza kumpenda.

Unajua mbwa huyo analipwa nini? Mpira! Ananusa masanduku mstari mzima, mkia unacheza, ghafla anasimama, anakaa chini kitako na kumtazama bwana wake bila kubweka. Maana yake: hapa pana jambo. Mpira unarushwa, furaha yake utadhani amepewa ng'ombe mzima.

Binadamu ana vipokea harufu milioni 5 au 6 puani. Mbwa anaweza kuwa na milioni 300. Ndiyo sababu kahawa, pilipili na nta ambazo walanguzi hupaka juu ya mzigo hazimsumbui.

Ngoja, kuna zaidi. Katika bandari ya Mombasa ilijaribiwa njia ya kunyonya hewa kutoka ndani ya kontena kupitia kichujio, kisha kichujio ndicho kinapelekwa kwa mbwa. Kontena halifunguliwi, mbwa hapandi juu ya chochote, na bado anajua kilichomo!

Hilo lilikuwa la pua. Hili ni la vinasaba. Mtafiti wa Marekani, Samuel Wasser, na wenzake walikusanya kinyesi cha tembo kote Afrika, wakachora ramani ya vinasaba vyao. Sasa ukikamata jino Singapore, wanaweza kukwambia tembo yule aliuawa eneo gani. Kwa kutumia kinyesi!

Na ramani ilisema nini? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba meno mengi ya tembo wa savana yaliyokamatwa katika shehena kubwa yalitoka kusini mashariki mwa Tanzania. Pori la Selous liliumia kuliko tulivyodhani.

Mwaka 2018 wakatoa jingine la kushangaza. Tembo ana meno mawili, sivyo? Walipopima shehena 38 kubwa waligundua kwamba jino la kushoto lilikamatwa kwenye kontena moja na la kulia kwenye kontena jingine kabisa! Kwa kuunganisha jozi hizo waliyafikia magenge makubwa matatu, yaliyokuwa yakipitishia mizigo Mombasa, Entebbe na Lomé.

Ukitaka kuona ushirikiano wenyewe, rudi Juni 2014. Polisi wa Mombasa walikamata zaidi ya tani 2 za meno ya tembo kwenye yadi ya magari, mshukiwa akatoweka. INTERPOL ikamweka kwenye orodha ya watu tisa wanaotafutwa zaidi duniani kwa makosa ya mazingira. Kabla ya Krismasi alikuwa ameshakamatwa Dar es Salaam na kurudishwa Mombasa!

Alihukumiwa miaka 20 mwaka 2016. Mahakama Kuu ikamwachia kwa rufaa mwaka 2018. Kukamata ni siku moja. Ushahidi unaosimama hadi mwisho ni kazi ya miaka, na hilo lazima lisemwe.

Na yule aliyeitwa Malkia wa meno ya tembo? Yang Fenglan alisoma Kiswahili kwao China, akaja kuwa mkalimani wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, akafungua mgahawa Dar es Salaam. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimfunga miaka 15 kwa vipande 860 vya meno ya tembo, vyenye thamani ya shilingi bilioni 13.

Nilikuahidi twiga. Novemba 2010, Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, twiga wanne wakiwa hai walipakiwa kwenye ndege pamoja na wanyama na ndege wengine zaidi ya 100, wakasafirishwa nje ya nchi. Twiga! Mnyama mrefu kuliko wote duniani alipita uwanja wa ndege!

Mwaka 2014 mahakama mjini Moshi ilimhukumu raia mmoja wa Pakistani miaka 60 jela kwa kesi hiyo. Hakuwepo. Alikuwa ameshatoroka.

Kutoka kwa mnyama mkubwa twende kwa mdogo. Aprili 2025, Naivasha, Kenya, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa na sisimizi malkia 5,000! Walikuwa kwenye vichupa zaidi ya 2,000 vyenye pamba, wakiandaliwa kuuzwa ng'ambo kwa watu wanaofuga wadudu ndani ya nyumba. Mahakama iliwatoza faini ya shilingi milioni 1 za Kenya au kifungo cha miezi 12.

Nani anawafuata wezi wa namna hii wakivuka mipaka? Kuna kikosi cha Mkataba wa Lusaka, uliopitishwa Septemba 8, 1994. Makao yake ni Nairobi, na Tanzania ni mwanachama. Ndani yake maofisa wa nchi mbalimbali wanakaa meza moja kufuatilia walanguzi wa wanyama na mimea.

Na mara moja kwa mwaka polisi na forodha wa dunia wanafanya msako pamoja. Ule wa Novemba na Desemba 2024 ulihusisha nchi 138, na ndani ya wiki nne hivi waliokolewa wanyama hai karibu 20,000 na kukamatwa watu 365. Wiki nne tu!

Umewahi kufikiri kuhusu mirungi? Katika Kaunti ya Meru, Kenya, hilo ni zao la biashara. Linalimwa mchana kweupe, linasafirishwa kwa ndege. Mlima wetu unaitwa Meru pia, lakini huku ukishikwa na mirungi ni kosa la dawa za kulevya. Kinachogeuza jani kuwa jinai ni geti la Namanga.

Uingereza ilikuwa inaipokea mirungi ya Kenya kwa tani na tani, ikaipiga marufuku Juni 2014. Zao halali asubuhi, magendo jioni.

Tusijisifu mno, maana huku kwetu kuna Kisimiri Juu, Arumeru. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imepanda miteremko ile mara kadhaa kuteketeza mashamba ya bangi. Mamlaka hiyo hiyo, Desemba 2023, ilikamata Dar es Salaam na Iringa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini. Kilo elfu tatu! Hakuna tukio la ukamataji kubwa kuliko hilo lililokuwa limewahi kutangazwa nchini.

Itifaki ya Afrika Mashariki ya kupambana na dawa za kulevya nayo ilisainiwa wapi? Arusha, Januari 2001. Umeanza kuona, eh?

Ngoja tuwaguse INTERPOL, maana wengi tunawachanganya na sinema. INTERPOL haina askari wa kwenda kumkamata mtu! Anayekamata ni polisi wa nchi husika. INTERPOL inapeleka taarifa tu, usiku na mchana, kupitia mtandao wake wa siri unaounganisha nchi 196. Hizo ni nyingi kuliko nchi za Umoja wa Mataifa, ambazo ni 193.

Hati zao zina rangi. Nyekundu ni ya mtu anayetafutwa akamatwe, njano ni ya aliyepotea, nyeusi ni ya maiti isiyotambuliwa. Januari 2025 wakaanza kujaribu rangi mpya, ya fedha, nayo haimtafuti mtu kabisa. Inatafuta mali zake!

Katiba ya INTERPOL inakataza shirika hilo kushughulikia mambo ya siasa, jeshi, dini au rangi ya mtu. Kazi yake ni jinai ya kawaida. Serikali yoyote ikituma ombi la kumsaka mpinzani wake wa kisiasa, inatakiwa ikataliwe.

Kwetu wakuu wa polisi wana umoja wao, EAPCCO, ulioundwa Kampala mwaka 1998, sasa una nchi 14. Kusini wana wao, SARPCCO, wa mwaka 1995. Tanzania iko kotekote! Ni sisi, pamoja na nchi nyingine chache, tunaokaa vikao vyote viwili. Mwizi wa gari anayetoka Johannesburg kwenda Nairobi atapita wapi kama si kwetu?

Sasa lile jambo zito la AICC. Novemba 1994 Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na ikaja kukaa Arusha. Ilifungua mashtaka dhidi ya watu 93, na karibu wote walikuwa wametawanyika nje ya Rwanda. Mahakama haikuwa na polisi hata mmoja wa kukamata. Ilitegemea polisi wa nchi nyingine tu!

Julai 18, 1997, polisi wa Kenya walizunguka Nairobi wakakamata watu saba kwa siku moja. Mmoja wao alikuwa Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda. Mwaka uliofuata, hapa Arusha, akawa mkuu wa kwanza wa serikali duniani kuhukumiwa kwa mauaji ya kimbari. Jambo hilo halikutokea Ulaya. Lilitokea kwenye jengo lile unalopita ukienda sokoni.

Wengine walichukua muda. Félicien Kabuga alisakwa zaidi ya miaka 20, Marekani ikiwa imeweka zawadi ya dola milioni 5, akapatikana Mei 2020 kwenye fleti karibu na Paris. Fulgence Kayishema akakamatwa Mei 2023 Paarl, Afrika Kusini, karibu na mashamba ya zabibu.

Na Mei 2024 ofisi ya mwendesha mashtaka ikatangaza kwamba watoro wawili wa mwisho walishafariki. Hakuna hata mmoja aliyebaki hajulikani alipo. Kumbukumbu za kesi zote zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji, kwenye majengo yaliyofunguliwa Novemba 2016. Usiende mbali kutafuta historia, iko mlangoni.

Fedha chafu nazo zina habari ya Arusha. Agosti 1999 nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zilianzisha hapa kundi la kupambana na utakatishaji wa fedha, kwa kifupi ESAAMLG. Sekretarieti yake iko Dar es Salaam. Kanuni yao ni nyepesi kuieleza: ukishindwa kumfuata mwizi, zifuate hela zake.

Je, mali iliyoibwa huwahi kurudi? Inarudi! Julai 2019 Kenya iliikabidhi Tanzania dhahabu ya kilo 35 na ushei, iliyokamatwa uwanja wa ndege wa Nairobi mwaka 2018. Pamoja nayo zikarudi fedha zilizoporwa benki mjini Moshi mwaka 2004. Miaka 15 imepita, na zikarudi!

Na tanzanaiti, jiwe linalopatikana Mererani peke yake duniani, kwenye eneo la kilomita 7 kwa 2 hivi? Lilikuwa linavuka mpaka mifukoni mwa watu, hadi jeshi lilipojenga ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka migodi. Kazi ilichukua kama miezi mitatu, na ukazinduliwa Aprili 6, 2018. Miaka miwili baadaye mchimbaji mdogo mmoja aliibuka na mawe mawili, kilo 9.27 na kilo 5.1, akayauza kwa serikali kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Hayakupita njia ya panya, yalipita mlangoni!

La mwisho kabla hujainuka. Polisi wa nchi za EAPCCO wana michezo yao: mpira, riadha, ndondi, kulenga shabaha. Ya kwanza ilifanyika Kampala 2017, na mwaka uliofuata ikaja Dar es Salaam. Askari wa Kenya na wa Tanzania wakapangwa mstari mmoja wa kuanzia mbio, kidole kwenye vumbi, wakisubiri mlio wa bastola.